Duka la Blimie na Herman

Mwaka 1973, mtaa wa Warren ulioko kusini mwa Manhattan haukuwa mahali pa mtu kwenda kutafutia utajiri. Minara miwili ya World Trade Center ilikuwa ndiyo kwanza imezinduliwa hatua chache kutoka hapo, lakini jiji la New York lenyewe lilikuwa limeelemewa na madeni, na miaka miwili baadaye nusura lifilisike. Katika nyumba namba 17 ya mtaa huo, mke na mume walifungua duka la filamu za kamera. Mke aliitwa Blimie, mume Herman Schreiber, na duka likaitwa kwa herufi za kwanza za majina yao, ya mke ikitangulia: B&H.

Ng'ambo ya bustani ya City Hall, mwendo wa dakika chache kwa miguu, wanandoa wengine walikuwa wamewatangulia kwa miaka miwili. Joe na Rachelle Friedman walifungua duka lao la muziki Park Row mwaka 1971, nao wakaliita kwa herufi zao, J&R. Duka la akina Friedman lilikua hata likaimeza safu nzima ya majengo, likauza santuri, redio, kompyuta na kamera, na wakazi wa jiji wakalihesabu miongoni mwa alama za mji wao. Lilifungwa Aprili 2014. Duka la akina Schreiber lingali linauza. Sura hii inafuatilia jinsi moja la maduka hayo lilivyovuka miaka iliyoyaangusha mengine mengi, na inamtazama pia mtu aliyebeba maboksi ili livuke.

Mwanzo wenyewe una siri yake. Anayefungua duka la kamera humsubiri mteja ambaye, akishanunua, huenda asirudi kwa miaka mitano. Anayefungua duka la filamu humwona mteja yule yule kila wiki. Mpiga picha wa magazeti au wa matangazo, katika miaka hiyo, aliweza kumaliza makumi ya roli kwa siku moja ya kazi. Alihitaji filamu, karatasi za kuchapia, dawa za kusafishia, filamu za Polaroid za kujaribia mwanga kabla ya kupiga picha yenyewe. Tena alihitaji mwenye duka anayejua mambo. Filamu za kitaalamu ziliwekwa kwenye jokofu, kwa sababu joto hubadilisha rangi zake. Kila toleo lililotoka kiwandani lilikuwa na namba yake, na toleo moja liliweza kuelekea kidogo kwenye ubuluu na jingine kwenye wekundu. Mpiga picha wa mitindo ya mavazi, ambaye rangi ya gauni lazima itoke gazetini kama ilivyo dirishani mwa duka, alinunua roli nyingi za namba moja, akajaribu moja, akaridhika, kisha akarudi kutaka zote zilizobaki. Faida kwenye roli moja ilikuwa ndogo. Lakini muuzaji aliyeelewa kwa nini mteja anauliza namba ya toleo alikuwa amepata mteja wa kudumu, na siku mteja huyo alipotaka kamera ya maelfu ya dola, alijua pa kwenda. Naona hapa ndipo ulipo msingi wa nyumba nzima, kabla ya bei nafuu na kabla ya matangazo.

Familia hii ilitoka wapi? Akina Schreiber ni Wayahudi wa Kihasidi wa jumuiya ya Satmar. Jumuiya hiyo ilichukua jina la mji wa Satu Mare, ambao leo uko Romania na ambao katika Vita vya Pili vya Dunia ulikuwa chini ya Hungaria. Mwaka 1944 Wayahudi wa mji huo walipakiwa kwenye treni wakapelekwa Auschwitz. Rabi wao, Joel Teitelbaum, alinusurika, akafika New York mwaka 1946, akawakusanya waliobaki katika mtaa wa Williamsburg, Brooklyn. Alikusudia kuyajenga upya maisha yale yale yaliyotaka kufutwa: lugha ya Kiyidishi nyumbani, kanzu nyeusi na kofia, shule zao wenyewe, ndoa za mapema, watoto wengi, sheria za dini zisizopunguzwa hata nukta. Jumuiya ilipojaa Williamsburg, baadhi yao walihamia katika kijiji kipya kilichoanzishwa miaka ya 1970 kaskazini mwa jiji, nacho kikaitwa Kiryas Joel kwa heshima ya rabi huyo.

Watu walioishi hivyo hawakuwa na njia nyingi za kupata riziki Marekani. Vijana wao walisoma vitabu vya dini na si vya chuo kikuu. Ofisi iliyotaka mtu afanye kazi Jumamosi ilikuwa imejifunga kwao, kwani Sabato yao huanza Ijumaa kabla ya jua kuzama na kwisha Jumamosi usiku. Wengi wakaingia kwenye biashara, hasa biashara ambayo mtu hufanya na jamaa, mkwe au jirani wa sinagogi. Mtaa wa 47 wa Manhattan, kati ya barabara ya Tano na ya Sita, ulikuwa soko la almasi, na humo mawe ya thamani yalipita mkono kwa mkono kwa ahadi ya mdomo tu. Mababu wa pwani yetu walioendesha misafara kwa mali kauli wangeielewa biashara hiyo mara moja. Asiyetimiza neno hakushtakiwa kwanza. Alikatwa na jamii yake, na hukumu hiyo ilimuuma kuliko faini.

Kwenye mtaa huo huo wa almasi lilizaliwa duka lililowafundisha wengine wote njia ya kuuza kamera. Liliitwa 47th Street Photo, nalo pia lilikuwa mikononi mwa Wahasidi. Halikuwa na madirisha ya kupendeza wala mazulia. Lilikuwa na bei. Liliweka matangazo ya magazetini yaliyojaa majina ya vifaa na tarakimu kwa herufi ndogo mno, na wateja walipiga foleni ngazini. Miaka ya 1980, dola ilipokuwa na nguvu dhidi ya yen ya Japani, duka hilo na mengine ya namna yake yaligundua kwamba kamera ile ile iliyotengenezwa Japani inapatikana kwa bei ya chini zaidi kwa wafanyabiashara wa Hong Kong kuliko kwa mwagizaji rasmi aliyeko Marekani. Kwa nini basi wasiinunue huko wakaileta wenyewe?

Mali hiyo haikuwa bandia wala ya wizi. Ilitoka kiwanda kile kile, kwa nembo ile ile, ila ilipita njia ambayo kampuni haikuipanga, na kwa hiyo haikuwa na waranti ya mwagizaji wa Marekani. Wenye nembo walikasirika, wakaenda mahakamani. Kesi zikapanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi, na miongoni mwa walioketi upande wa wauzaji ni 47th Street Photo yenyewe, duka la kamera likibishana na mawakili wa makampuni makubwa ya dunia. Uamuzi wa mwaka 1988, unaojulikana kama K Mart dhidi ya Cartier, uliupa kila upande kitu chake: mlango ulibaki wazi kwa bidhaa ambazo mwenye nembo wa Marekani na mtengenezaji wa nje ni wa ukoo mmoja wa kampuni, ukafungwa pale mtengenezaji wa nje alipokuwa mtu mwingine aliyepewa tu ruhusa ya kutumia nembo. Miaka minne baada ya hapo, 47th Street Photo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na kabla ya muongo ule kwisha ilikuwa imefungwa.

B&H ilicheza mchezo huo huo wa bei, lakini iliuchezea hadharani. Katika orodha zake za bei, zilizojaza kurasa kadhaa kila mwezi kwenye magazeti ya upigaji picha, lenzi moja iliweza kuwa na bei mbili: ya mali iliyoingia kwa mwagizaji rasmi, na ya mali iliyoagizwa pembeni. Mteja alichagua mwenyewe, waranti ya mtengenezaji au akiba ya fedha. Jambo hili laonekana dogo kwa aliyezoea uwazi. Kwa mnunuzi wa vifaa vya kamera wa miaka ile, lilikuwa kubwa mno.

Soko la kamera kwa simu na barua lilikuwa limejaa mitego. Tangazo lilitaja kamera kwa bei ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuifikia. Mteja wa Ohio au Texas alipiga simu, akatoa namba ya kadi yake. Siku mbili baadaye akapigiwa: je, angependa betri? Chaja? Mkanda wa begani? Vitu ambavyo mtengenezaji alikuwa amevitia ndani ya boksi vilikuwa vimetolewa ili viuzwe kimoja kimoja, kwa bei ya kuumiza. Aliyekataa kuongeza aliambiwa kamera imekwisha dukani, na haikufika kamwe. Maduka mengi ya namna hiyo yalikuwa na anwani za New York, na baadhi yalibadilisha jina kila sifa ilipochafuka, hivi kwamba mteja aliyeumizwa na moja aliweza kuumizwa na lile lile tena kwa jina jingine. Katika hali hiyo, duka lenye jina moja tangu 1973, lenye boksi kamili, na lenye wauzaji wanaoweza kukuambia ununue lenzi ya bei ndogo kwa sababu ndiyo inayokufaa, halikuhitaji kupiga kelele. Wapiga picha waliambizana.

Duka lilishahama Warren Street, likahamia namba 119 mtaa wa 17 Magharibi. Kuhama huko kuliwapeleka kwenye kitovu cha wateja wao. Majengo marefu ya viwanda vya nguo na vya bidhaa ndogondogo, kuanzia mtaa wa 14 hadi wa 23 hivi, yalikuwa yamebaki matupu viwanda vilipoondoka jijini. Ghorofa zake zilikuwa na dari za juu, madirisha makubwa, na lifti za mizigo zinazoweza kupandisha gari. Wapiga picha wa matangazo walizikodi wakazifanya studio. Wenye maabara za kusafishia filamu wakawafuata, mmoja wao mhamiaji kutoka India, Baldev Duggal, ambaye maabara yake ikawa kubwa kuliko nyingi. Wenye kukodisha taa wakaja, wachora mandhari ya nyuma wakaja, na eneo zima likaanza kuitwa mtaa wa picha. Asubuhi msaidizi wa studio alikimbia kununua filamu, mchana akazipeleka maabara, jioni slaidi zikawa juu ya meza yenye mwanga, mhariri akizichungulia kwa lupu. B&H ilikuwa katikati ya mzunguko huo.

Mwaka 1997 familia ilichukua hatua ambayo wengi wangeiona ya hatari. Iliacha mtaa wa picha, ikaenda barabara ya Tisa, namba 420, kati ya mitaa ya 33 na 34, upande wa magharibi ambao wakati huo ulikuwa na gereji na reli zaidi ya maduka. Huko ilijenga duka kubwa la aina yake, na ndani yake ikaweka mtambo ambao kila mgeni huusimulia.

Ukiingia, hukuti bidhaa zimepangwa rafuni za kuchukua ukaondoka nazo. Kuna kaunta ndefu, kila moja na fani yake: lenzi hapa, taa pale, sauti kule, darubini, vifaa vilivyotumika. Muuzaji anakuonyesha kifaa cha maonyesho, anakuachia ukishike, ukipige. Mkiafikiana, anaandika oda kwenye kompyuta. Chini, kwenye ghala la orofa ya chini ya ardhi, mtu anaisoma oda hiyo, anatoa boksi, analitia ndani ya kreti ya plastiki ya kijani. Kreti inapanda juu, inatambaa kwenye mikanda iliyoning'inizwa chini ya dari, inapita juu ya vichwa vya wateja na kuteremka upande wa pili. Wewe, wakati huo, unakwenda kwa keshia na karatasi yako, unalipa, kisha unafika kaunta ya kuchukulia mzigo na kukuta umefungwa tayari. Kwenye kaunta kuna bakuli za peremende, zilizo halali kwa sheria za Kiyahudi, na yeyote anaruhusiwa kuchota.

Mtambo ule unapendeza, lakini kazi yake hasa ni ya kibiashara. Kamera ni kitu kidogo, cha bei kubwa, kinachoingia mfukoni. Kila duka la kamera hupoteza mali kwa vidole vyepesi, vya wateja na vya waliomo ndani. Pale mali haipo mbele ya macho, na mtu anayekuuzia, anayekutolea, anayepokea fedha na anayekukabidhi ni watu wanne tofauti. Hakuna hata mmoja anayeweza kuificha kamera bila wengine watatu kushtuka. Tena muuzaji anabaki na kazi moja tu, kuongea na mteja. Hapigi hesabu za chenji, hakimbii ghalani. Na kwa kuwa wauzaji wa B&H hawalipwi kwa kamisheni ya walichouza, hana sababu ya kukusukumia kile usichokitaka.

Wauzaji wenyewe ni wa namna ya kipekee. Baadhi ni wapiga picha walioacha au wanaoendelea na kazi hiyo, wa rangi na dini zote. Wengi ni wanaume wa Kihasidi, wenye ndevu ndefu na mashati meupe, wanaokuja kwa mabasi kutoka Brooklyn na hata kutoka Kiryas Joel. Mtu anayefikiri kwamba mshika dini wa namna hiyo atakuwa mgeni wa teknolojia hushangaa pale mwenye kofia ya Kiyahudi kichwani anapomweleza tofauti ya vihisio viwili vya kamera kwa undani asioupata kwenye kitabu cha maelekezo.

Hapa tufike kwenye jambo ambalo washauri wa biashara wangelifuta siku ya kwanza. Ijumaa duka hufungwa mapema, saa saba au saa nane mchana, ili kila mfanyakazi afike nyumbani kabla ya jua kuzama. Halifunguliwi hadi Jumapili asubuhi. Jumamosi, siku ambayo familia za Marekani hutoka kununua vitu, milango imefungwa. Pasaka ya Kiyahudi ikifika, na sikukuu ya vibanda, duka hufungwa siku kadhaa mfululizo. Hata Ijumaa ya mwisho wa Novemba baada ya siku ya Shukrani, ambayo wafanyabiashara wa Marekani huingojea mwaka mzima, B&H hufunga saa yake ile ile. Msomaji aliyekulia Lamu au Unguja ameona milango ya maduka ikirudishwa saa ya sala ya Ijumaa, basi ataelewa upesi. Ila sala ile ni ya saa moja hivi, na hii ni siku nzima, kila wiki, kwa nusu karne.

Intaneti ilipokuja, swali likawa gumu zaidi. Tovuti haina mlango wala mfanyakazi aliyesimama kaunta. Kompyuta haijui Sabato. Wangeweza kuiacha ipokee fedha usiku wa Ijumaa huku wao wakisali, na hakuna mteja ambaye angelalamika. Familia iliamua kwamba mashine inayofanya biashara kwa jina lako siku ya mapumziko inakufanyia kazi, na kazi hiyo ni yako. Kwa hiyo hadi leo, Sabato ikiingia New York, tovuti inakuacha utazame bidhaa, usome maelezo, ujaze kikapu chako, lakini malipo hayapokelewi hadi Jumamosi usiku. Mpiga picha wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kuagiza Jumamosi asubuhi naye atangoja, kwa saa ya New York.

Nimefikiri sana juu ya hasara ya jambo hili, na sioni kama ni hasara tupu. Mteja anayejua kwamba duka limekataa fedha yake kwa sababu ya imani anapata ushahidi ambao tangazo haliwezi kumpa. Watu hawa wana kitu wanachokiogopa kuliko kupoteza mauzo. Katika soko lililokuwa na mitego kama nilivyoeleza, ushahidi huo ulikuwa na thamani. Siamini kwamba familia ilipiga hesabu hiyo. Ilishika Sabato kwa sababu ni Sabato.

Halafu dhoruba ya kidijitali ikapiga. Mwaka 1999 Nikon ilitoa D1, kamera ya kidijitali ambayo mpiga habari aliweza kuitegemea kazini. Mwaka 2003 Canon ikauza kamera ya kidijitali ya lenzi za kubadilisha kwa chini ya dola 1,000, na mtu wa kawaida akaacha filamu. Biashara iliyoijenga B&H, ile ya roli na dawa, ikayeyuka mbele ya macho. Baadaye ikaja simu yenye kamera. Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilisafirisha kamera za kidijitali zipatazo milioni 121. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Kodak, iliyokuwa ikiwalisha akina Schreiber na wenzao wote, iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012.

Wauza kamera walianguka kama miti ya shamba lililovamiwa na mchwa. Ritz Camera ilianza mwaka 1918 kama studio ya picha Atlantic City, na chini ya familia ya Ritz ikawa msururu mkubwa kuliko wote nchini Marekani, hasa baada ya kuununua msururu wa Wolf mwaka 2001. Faida yake ilitoka kwenye kusafisha picha kwa saa moja, kazi ambayo kamera ya kidijitali iliiua. Juu ya hayo ilikuwa imejitosa kwenye maduka ya vifaa vya boti, na bei ya petroli ilipopanda wenye boti wakaacha kununua. Ilifilisika mwaka 2009, ikafufuka, ikafilisika tena 2012. Uingereza nako, Frank Jessop alifungua duka lake Leicester mwaka 1935, mwanawe Alan akalifanya jina la nchi nzima. Familia iliuza mwaka 1996, hisa zikaingia sokoni London mwaka 2004, na Januari 2013 maduka 187 yakafungwa milango kwa pamoja.

Ukiyatazama maanguko hayo kwa ukaribu, unaona yaliyoanguka yalikuwa na maduka mamia, kila moja na kodi ya pango, na madeni ya kupanuka. B&H ilikuwa na duka moja. Haikufungua la pili Chicago wala Los Angeles, ingawa jina lake lilikuwa linajulikana huko. Ilipeleka bidhaa kwa posta, kama ilivyofanya tangu enzi za orodha za magazetini, kwa hiyo tovuti kwake ilikuwa kaunta nyingine ya kazi iliyokwisha kuizoea. Haikuwa na wanahisa wa kudai faida ya robo mwaka. Na kwa kuwa tangu zamani ilikuwa imeongeza video kwenye jina lake, na sauti, na taa, na kompyuta, wakati kamera za mfukoni zilipokufa iliwauzia wanaotengeneza filamu, makanisa, vyuo, vituo vya televisheni na idara za serikali.

Wateja hao wa mwisho, idara za serikali, ndio watakaotokea tena katika sehemu chungu ya historia hii. Anayeiandika familia hii kwa sifa tu, akiishia kwenye kreti za kijani na bakuli za peremende, anawaacha nje watu waliozijaza kreti hizo.

Mwaka 2007 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 4.3 kumaliza malalamiko yaliyoletwa na tume ya serikali ya usawa kazini. Wafanyakazi 149 wa ghalani, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walidai kwamba walilipwa pungufu kuliko wenzao na kunyimwa vyeo kwa sababu ya asili yao. Miaka minane ikapita, manung'uniko yakarudi, safari hii kutoka maghala mawili ya Brooklyn, moja Bushwick na jingine kwenye bandari ya zamani ya jeshi la majini, Navy Yard. Wafanyakazi walisimulia vumbi lililowatoa damu puani, saa nyingi za kazi, mizigo inayoanguka, milango ya dharura iliyozibwa. Walisimulia pia kwamba moto ulipozuka karibu na ghala la Navy Yard mwaka 2014, walizuiwa wasitoke hadi wapite kwenye mashine ya kukagulia vyuma, ili isije ikawa mtu anaondoka na mali. Ule ule uangalifu ninaousifu juu ya mikanda ya dukani, ghalani ulikuwa umefikia kumpima mtu thamani dhidi ya boksi, naye akapungua.

Kituo kidogo cha kuwatetea wafanyakazi, Laundry Workers Center, kiliwasaidia kujipanga. Wapiga picha, ambao kwao B&H ilikuwa na heshima karibu kama ya shule, waliunga mkono. Baadhi yao walisimama nje ya duka la barabara ya Tisa na mabango. Novemba 2015 maghala yalipiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi wa chuma, United Steelworkers: 200 walikubali, 88 walikataa. Februari iliyofuata Wizara ya Kazi ikaishtaki kampuni, ikiwa na mamlaka hayo kwa sababu B&H ilikuwa na mikataba ya kuiuzia serikali ya shirikisho. Wizara ilidai kwamba kwa kazi za chini za ghala la Navy Yard kampuni iliwaajiri wanaume wa Kilatino peke yao, ikawaacha wanawake, weusi na Waasia, kisha hao iliowaajiri ikawalipa vibaya, ikawanyima vyeo, na kuwatengea vyoo vyao. Kampuni ilikanusha. Agosti 2017 ilikubali kulipa dola milioni 3.22 kwa watu zaidi ya 1,300, pasipo kukiri kosa.

Nguvu ya nyumba kama hii ni mduara wake. Ndani ya mduara mtu anaaminiwa na anafundishwa kazi. Siku yake ya ibada inaheshimiwa kuliko mauzo, na basi humleta na kumrudisha. Nusu karne ya B&H imenifanya niuamini uwezo wa mduara huo, maana sioni namna nyingine duka moja lingeweza kupita mahali walipozama Ritz na Jessops. Lakini mfanyakazi wa ghala la Bushwick, mtu wa Guatemala au Meksiko au Ekuado, aliinua mali ile ile ya familia ile ile, na mduara haukumfikia. Sabato alipumzika, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimefungwa. Siku nyingine sita hazikuwa na mwenye kumhesabu kuwa wa nyumbani, ndiyo maana alikwenda kujitafutia chama.

Januari 2017, mazungumzo ya mkataba wa kwanza na chama yakiwa hayajafika mwisho, kampuni ilitangaza kuhamishia maghala yote mawili Florence, New Jersey, zaidi ya kilomita 100 kutoka Brooklyn. Ilisema inahitaji nafasi, na ni kweli kwamba ardhi ya Brooklyn ilikuwa imepanda bei. Chama kilisema inawakimbia waliopiga kura. Mei Mosi mwaka huo wafanyakazi waliacha mizigo wakatoka nje kuandamana. Kampuni iliwaambia kwamba anayetaka kuifuata kazi Florence ataipata huko. Kwa mtu asiye na gari, mwenye watoto katika shule za Bushwick, safari hiyo ya kwenda na kurudi ingekula saa nne au tano za kila siku.

Maghala yalihama. Duka la barabara ya Tisa halikuhama, na Ijumaa linafungwa saa ile ile.